Mama na daftari lake la salfa

Leo hapa Newala mama yangu amenifunga mdomo mbele ya daktari!

Majibu ya damu yalionyesha tezi yake ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Daktari alikuwa tayari kumwandikia dawa, ila kwanza akamuuliza:

"Mama, kuna dawa au vidonge vyovyote unameza?"

Mama akatoa daftari anamoandika siku za kupuliza salfa ya kuzuia ukungu kwenye mikorosho. Jamani, niliona aibu, nikamnong'oneza alifiche!

Chini ya tarehe za salfa kumeandikwa: "Vitamini za nywele, kila asubuhi."

Daktari akaweka kalamu chini.
"Hizi huwa na biotini, aina ya vitamini inayoweza kuvuruga kipimo cha tezi. Ziache kwanza, tutapima upya kabla ya dawa."

Nyie mnaozimeza, daktari wenu anajua?

Mama kanigeukia: "Najua kila mkorosho nimeupuliza lini, nisijue nilichomeza mwenyewe?"