Kengele ya Dahabo kwenye Albamu ya Abdimalik

Nilimwona kwa macho yangu mzee wa miaka sabini na nane akisikiliza muziki wa panki, halafu akamwita kwa jina ngamia aliyekufa zamani.

Hapa mtaani Garissa watasema, "Yule dereva mstaafu ameanza tena." Sawa. Mimi ndiye niliyewaambia nilivuka mto Tana mgongoni mwa kiboko. Lakini hii someni mpaka mwisho.

Mzee mwenyewe ni jirani yangu Yarow, mfugaji. Mwanawe wa pekee, Abdimalik, aliacha ngamia akaenda Nairobi kuanzisha bendi. Gitaa za mayowe, suruali za kumeremeta, wanja mpaka kwenye mashavu.

Yarow alipoona picha alisema, "Huyo si wangu."

Nikamchokoza. "Wewe mwenyewe unapaka wanja na ndevu umetia hina. Umekosa gitaa tu!"

Hakucheka.

Mwaka jana albamu yao ya kwanza ikatoka. Abdimalik, ambaye huniita Adeer, yaani ami, akanitumia nyimbo zote kumi kwa WhatsApp.

"Adeer, mchezee Aabo. Akisema nije, napanda basi siku hiyo hiyo."

Nikaogopa bakora ya Yarow. Sikumchezea.

Lakini nikamjibu mtoto: "Babako amesikiliza, machozi tele. Anasema uje."

Nilidhani nafanya wema. Wakionana, si watapatana?

Kijana kwa furaha akampigia babake kwanza.

"Sijasikiliza kitu. Sijamwita mtu," Yarow akasema, akakata.

Nikapata ujumbe mmoja tu: "Adeer, hata mimi unanitungia?"

Miezi miwili baadaye kifua kikamlaza Yarow. Baada ya swala ya alasiri akaniita mkekani kwake.

"Kelele ya mtoto iko kwa simu yako?"

"Iko."

"Weka."

Nyimbo sita alikunja uso. "Wallahi, nani anachinjwa humo?"

Wa saba ukaanza bila gitaa. Kok. Kok. Kok. Kengele ya mbao, ile ya shingoni mwa ngamia.

Yarow akajiinua kwa kiwiko.

"Dahabo!"

Ngamia wake wa maziwa, aliyekufa kwa ukame. Kengele yake mtoto aliondoka nayo.

"Sikia inavyokwaruza. Ina ufa. Aliiangusha kisimani ana miaka saba, akalia sana. Nikamwambia iwe siri yetu wawili. Rudia."

Nikarudia mara tatu.

"Mwambie aje."

Nikapiga pale pale. "Abdimalik, babako amesiki..."

"Adeer, tafadhali. Hiyo hadithi ulishanipa."

Akakata. Nikapiga tena, kumbe ameniblock.

Simu ya Yarow haikuwa na chaji; nikasema kesho nitaazima ya mtu.

Alfajiri Yarow akafariki. Kabla ya adhuhuri tukawa tumemzika.

Abdimalik alifika jioni, akaenda makaburini peke yake, akarudi Nairobi. Mlangoni kwangu hakubisha.

Nyinyi wengine, msimtungie mtu habari njema. Ya kweli ikija, itamkuta amechoka kuamini.

Na wewe Abdimalik, najua huku mtandaoni unapita. Ufa wa ile kengele mliujua wawili tu.

Mimi ningeujulia wapi?

Alikuita, mwanangu.