Kipande cha Njia Kando ya Tangi

Harufu ya saruji mbichi ndiyo harufu ya likizo yangu ya darasa la tano. Mama alikuwa amekwenda Magu kumuuguza bibi, hivyo kila asubuhi baba alinichukua kwenda kazini kwake Pasiansi, nyumbani kwa mwalimu mstaafu wa Kihaya tuliyemwita Mama Mwalimu. Kutoka getini kwake hadi barazani, katikati ya migomba na maua, palikuwa na njia ya zege la zamani, lenye nyufa hapa na pale lakini bado gumu. Baba hakutaka kulivunja. Alisema lile ni msingi tosha. Vitofali vya pevingi vingelazwa juu yake kwa saruji, mradi tu lisuguliwe mpaka ling'ae. "Saruji haishiki juu ya uchafu," alituonya, mimi na Masalu, kibarua wake na rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe pamoja, niliyemwita baba mdogo.

Kusugua ilikuwa kazi yangu. Nilisugua siku mbili kwa brashi ya waya mpaka vidole vikachubuka. Kipande cha mwisho, kando ya tangi la maji, kilikuwa kimeota ukungu wa kijani, wenye utelezi kama mgongo wa kambare. Jua lilikuwa kali, na mjukuu wa Mama Mwalimu alikuwa akiniita tukaruke kamba. Nikamwagia maji juu juu, nikatandaza mchanga kidogo kuficha ule ukijani, nikamwambia baba nimemaliza. Aliniamini. Mchana huohuo alimwaga saruji, na Masalu akapanga vitofali kimoja kimoja, akivigonga taratibu kwa nyundo ya mpira huku akiimba Kisukuma. Njia ilipendeza mno. Majirani walisimama getini kuitazama, na baba akatembea juu yake kama bwana harusi.

Mvua zilipoanza, Mama Mwalimu alikanyaga kitofali kilichokuwa kikicheza pale kando ya tangi, akaanguka na kuvunjika mkono. Tuliitwa sote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, mkono umefungwa hogo la plasta, na upole ule ukanichoma kuliko kofi. Baba alichuchumaa, akakibandua kitofali bila nguvu yoyote. Kilitoka na saruji yake yote. Chini yake palikuwa kijani kitupu.

"Hapa ulisugua?" baba aliniuliza.

Ningeweza kusema. Badala yake nilisikia sauti yangu ikijibu, "Baba mdogo aliniambia niache, atamalizia mwenyewe."

Masalu alinitazama. Kisha akavua kofia. "Kaka, kama mtoto amesema hivyo, basi kosa ni langu."

Baba hakugombana naye. Alirudia kazi ile peke yake, na hakumwita Masalu tena, si kazini wala nyumbani. Walipokutana msibani walikaa mikeka tofauti. Baba alifariki bila mimi kufungua mdomo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua miaka kumi na tisa. Siku hizi nyua za Pasiansi ni pevingi tupu, na mimi ni mama ninayewafokea wanangu wakidanganya hata kuhusu kunawa mikono. Mwaka jana nilikwenda Buswelu kumtafuta Masalu. Nilimkuta akipalilia mchicha, mvi zimemjaa. Nilipiga magoti, nikasema yote.

Alifuta jembe kwa nyasi. "Nilikuona unatetemeka siku ile, mama," alisema. "Nikajua baba yako angekuchapa mbele ya watu. Nikaona nikubebee mpaka hasira zake zishuke."

Nikamwomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa, akatazama shamba lake.

"Nilidhani utamwambia kesho yake," akasema.