Vijembe vya Shangazi Zuwena

Wiki iliyopita cherehani yangu ilianza kulia kama mlango mbovu. Mafuta ya mashine yalikuwa yamekwisha, na mimi si mtu wa kwenda dukani kwa ajili ya matone mawili, basi nikachukua mafuta ya simsim jikoni nikaitia. Chuma kilipopata joto, harufu ikapanda: simsim na chuma, chuma na simsim. Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali, lakini mimi mwenyewe nilishafika Nateete, mtaa niliolelewa, nina miaka tisa, nimekaa mkekani mbele ya shangazi yangu Zuwena, na visu vyake vimemwagwa kati yetu.

Nisikilizeni vizuri, maana watu wakisikia mwanamke mwenye visu hufikiria mengine. Shangazi, dada yake baba, hakuwa mgomvi wa mikono. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Wazazi wangu walikuwa Jinja kikazi, nami nikalelewa naye pamoja na Bibi, mama yake, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Sisi ni wale ambao babu wa babu zao walikuja na misafara kutoka pwani, wakafika, wakaoa, wakasahau kurudi. Kiswahili chetu tulikiweka ndani kama vyombo vya wageni; tukitoka nje tulisema Kiganda kama majirani.

Visu vyenyewe vilikuwa vya kukunja, vidogo, vya kutiwa mfukoni, vile ambavyo kwetu viliitwa vijembe. Shangazi alikuwa navyo vinane, na saba vililala kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Kila kimoja kilikuwa na jina. Popoo kilikuwa cha jirani yetu wa zamani, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, alikuja asubuhi akamwachia shangazi kisu hicho cha mumewe cha kukatia popoo, akasema kule uwanja wa ndege watamnyang'anya tu, bora kikae kwa mtu anayejua kukipaka mafuta. Katwe kilifuliwa na mhunzi wa huko Katwe kwa springi ya lori, mpini wake pembe ya ng'ombe wa Ankole, na kilikuwa kigumu kufunguka hata Bibi akasema kina kiburi. Mkongo kilikuwa na mpini wa shaba. Shangazi alikipata kwa mkeka mmoja kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa akirudi kwao.

Cha nane kilikuwa Mzee. Huyo alikuwa wa marehemu babu yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye kwa miaka yote aliwachongea watoto kalamu za matete kwa kijembe hicho. Mpini wake wa mfupa ulikuwa umegeuka manjano, na mahali pa kidole gumba palikuwa pameliwa hata pakawa na kishimo. Nilipenda kutia kidole changu pale, nikamwazia babu ambaye sikumwona.

Kila asubuhi baada ya sala shangazi alilimwaga lile kopo, akavifuta visu kimoja kimoja, akatia tone la simsim penye bawaba, akachagua chenye zamu. Chenye zamu kilifanya kazi ya siku: kupasua ukindu, kumenya miwa, kukata uzi, kuchongea penseli za watoto wa mtaa mzima, maana hata wembe ulikuwa haupatikani. Watoto walipanga mstari barazani kwetu kabla ya shule, nami nikisimama pembeni nimebinua mdomo kama mke wa waziri. Chungwa alilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, akaniachia nilivae shingoni. Mzee hakuwa na zamu. Alikaa kiunoni mwa shangazi, kwenye pindo la leso, kila siku ya Mungu, siku ya Idi na siku ya msiba. "Mkono usio na kisu ni nusu mkono," alikuwa akisema.

Alinifundisha pia kwamba kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Ukitaka kumpa mtu, kiweke chini, naye akiokote mwenyewe, la sivyo mtagombana. Hata mimi, na utoto wangu wote, alikuwa akiniwekea kisu mkekani kwa adabu kama mtu mzima mwenzake. Jamani, nilimpenda mwanamke yule.

Sasa liko jambo ambalo nyinyi mmeshalijua, mimi wakati ule sikulijua. Shangazi alikuwa na mdomo. Neno lake lilikuwa linaingia taratibu, na mtu alishtukia ameshakatwa akiwa amefika nyumbani kwake. Sokoni wanawake wa Kiswahili walikuwa wakisema, "Huyo Zuwena na vijembe vyake!" Nami nikafura kwa fahari, nikidhani wanasifu kopo letu. Nyumbani neno hilo halikutumika kwa maana nyingine. Bibi alisema tu "mdomo wako huo", na kila mara aliongeza kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Na miaka ile kujikwaa ulimi hakukuwa mchezo. Watu walikuwa wakichukuliwa na gari mchana kweupe wasirudi, na jirani aliyeona alifunga dirisha lake polepole. Sukari, chumvi, sabuni, vyote vilikuwa hadithi. Ikisikika kwamba sukari imefika mahali, mji ulihamia huko. Mkubwa wa nchi naye kila tukimwona gazetini alikuwa amejiongezea cheo na nishani.

Siku moja tulikuwa kwenye mstari wa sukari tangu asubuhi. Jua limepanda, mtoto wa mtu analia, na askari wa mlangoni anaingiza watu wake kwa mlango wa nyuma. Shangazi alikuwa akimenya muwa kwa Katwe, hakuinua hata macho.

"Sukari nayo imepandishwa cheo," akasema. "Siku hizi huioni mpaka uipigie saluti."

Kicheko kilianza kwetu kikapita mstarini, halafu kikafa ghafla, watu wakatazama miguu yao. Mimi sikujua kwa nini. Nilijua tu kwamba sijapata kusikia neno tamu kama lile. Nililirudia njia nzima, sukari imepandishwa cheo, sukari imepandishwa cheo, mpaka shangazi akanifinya sikio. Hata baada ya hapo niliendelea kulisema moyoni, nikingojea mtu wa kumwambia.

Siku tatu baadaye, saa tisa mchana, gari lilisimama mbele ya baraza yetu. Mmoja alibaki kwenye usukani. Mwingine akashuka, mfupi, shati la maua, suruali pana miguuni, anapiga chafya kwa mafua mabaya. Hakuwa na sare na hakuhitaji sare. Majirani waliokuwa nje wakakumbuka kazi za ndani. Bibi alikuwa uani anatia udhu. Barazani tulikuwa mimi na shangazi tu.

Alitoa karatasi, akaitazama, akamtazama shangazi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Wewe ndiyo Zuwena? Watu nasema wewe natupa vijembe kwa serikali. Hiyo vijembe iko wapi?"

Shangazi hakujibu. Mimi nilikuwa sijamwona hata siku moja akikosa neno. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ukindu, na rangi imemtoka usoni. Nikamhurumia, nikadhani ameona haya kujisifu mbele ya mgeni. Basi nikamsaidia.

"Viko ndani, afande! Kwenye kopo chini ya kitanda. Ni vingi!"

Kabla shangazi hajanishika nilikuwa nimekimbia, nimerudi, nimevimwaga vyote miguuni pa yule mtu. Nikamtajia na majina. Popoo huyu, Mkongo huyu, huyu Katwe ana kiburi. Yule mtu akainama, akaokota kimoja, akakigeuza, akapiga chafya. Nadhani alikuja akitazamia majembe ya kulimia, au mikuki, Mungu anajua. Karatasi yake iliandikwa na mtu aliyejua Kiswahili, na bahati yetu ni kwamba msomaji hakukijua.

"Hii ndiyo vijembe?"

"Ndivyo, afande," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Hapa hakuna vijembe vingine."

"Hii natupa namna gani? Hii ni ya kula chungwa."

"Ni ya chungwa, afande. Watu wana chuki tu."

Yule mtu akacheka kwa pua iliyoziba. Akavirudisha visu kwenye kopo, akalitia kwapani. Niliona anakaribia kuondoka nikaanza kulia, maana sikuwa nimemwambia avichukue. Hapo ndipo alipogeuka, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alinitabasamia.

"Toto, wewe iko na akili. Sasa ambia mimi. Hii mama, kwa mstari ya sukari, nasema nini?"

Nilifuta machozi. Nikavuta pumzi.

Shangazi akaingiza mkono kiunoni akamtoa Mzee, akamfungua.

Yule mtu aliruka nyuma, kopo likaanguka, mkono wake ukaenda ndani ya shati. Kule garini mlango ukafunguka. Shangazi hakusimama. Alimlaza Mzee mkekani, mpini ukimwelekea yule mtu, akarudisha mikono yake mapajani.

"Kimoja kilibaki, afande," akasema. "Nisije nikaambiwa nimeficha."

Yule mtu akaona haya kwa kuogopa mwanamke aliyekaa chini, akamtukana kidogo, akamwambia mwenzake hakuna kitu, ni visu vya matunda. Aliokota vyote. Mzee hakumtia koponi; alimkunja, akamtia katika mfuko wake mwenyewe. Gari likaondoka, nasi tukabaki na maganda ya miwa.

Bibi alitoka uani na maji bado yanamtiririka mikononi, akaketi pembeni ya shangazi, wakashikana. Mimi nililia mpaka nikakauka. Nililia kwa saba nilivyovitoa mwenyewe, lakini kwa ajili ya Mzee nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa shangazi. Yule mtu hakumjua Mzee. Angekaa kimya dakika moja tu, kisu cha babu kingekuwa kiunoni mwake hata sasa. Nikamwambia hivyo, kwa sauti, mbele ya Bibi:

"Mwenyewe ndiye uliyekitoa!"

"Ndiyo," akasema shangazi. "Mwenyewe."

Kesho yake aliamka akaomba kipande cha msumeno uliovunjika kwa fundi, akakinoa jiweni, akakizungushia kitambaa, akakitia kiunoni. Watoto wakapanga mstari na penseli zao kama kawaida. Sokoni hakusema tena jambo lolote la serikali mpaka serikali ile ilipoanguka, na siku ilipoanguka alisema mengi hata Bibi akaziba masikio.

Maana ya pili ya neno vijembe niliijua nikiwa na miaka kumi na mitano, harusini, msichana mmoja aliponiambia kwamba mama mkwe amempiga mwenzake kijembe. Nilicheka nusura nianguke. Nikakimbia kwa shangazi kumwambia kwamba kumbe ujinga wangu ndio uliomwokoa siku ile. Alicheka nami, akanipa chungwa, akasema ni kweli, nilimwokoa. Niliondoka pale kichwa kimevimba. Hilo la Mzee nilimsamehe, nikaliita kosa la mtu aliyetishika, na hadithi nikawa naisimulia hivyo kwa miaka mingi: mimi shujaa, shangazi kachanganyikiwa mwishoni.

Mwaka jana nilikuwa nikimsimulia binti yangu mdogo. Nikaiga chafya za yule mtu, nikaiga na Kiswahili chake. Nikachuchumaa mbele yake nikauliza: hii mama, kwa mstari ya sukari, nasema nini?

Binti yangu akanitazama. "Na wewe ulitaka kumjibu nini, mama?"

Nikafungua kinywa nimwambie, na neno likaja lenyewe, zima, tamu vilevile: sukari imepandishwa cheo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi siku ile. Lilikuwa limefika kwenye meno, shangazi alipomfungua Mzee.

Niliketi sakafuni. Binti yangu alidhani naumwa. Shangazi Zuwena alikuwa na miaka sita kaburini, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimemsamehe kwa kumtoa Mzee.