Bwana Ustawi na Foleni ya Malori

Bwana Ustawi amefariki. Habari nimeipata kwa muuza vocha, maana hapa Tunduma msiba husafiri haraka kuliko lori, na lori lenyewe, mnajua, halisafiri kabisa. Ninyi mnaonisoma kila wiki mmesikia wanawake wakitishia waume: nitakupeleka ustawi. Basi ustawi wenyewe, afisa wa ustawi wa jamii, ndiye huyo. Mnene, sauti ya mnadani, na ukimpa chai kavu haulizi kitafunwa, anatazama tu kabati mpaka uone aibu. Simsifu kwa kuwa amekufa. Namsifu kwa kuwa mjukuu wangu aliwahi kwenda shule na viatu vinavyomtosha.

Binti yangu alizaa na dereva wa malori, akaniachia mtoto, akaenda kutafuta maisha. Yule dereva kila nikimpigia simu yuko Lusaka, hata siku niliyomsikia nyuma yake muuza maziwa wetu wa stendi akinadi. Nikaenda ustawi nikitegemea barua ya wito. Barua hizo hapa mpakani ni kichekesho: mwanamume anaisoma, anavuka barabara, huyo Nakonde, upande wa Zambia, anakula samaki. Bwana Ustawi hakuandika chochote. Alivaa kofia yake akasema, "Bibi, mchukue mtoto, twende foleni."

Malori yanayosubiri kuvuka mpaka yalikuwa yamelala toka nje ya mji. Tukayafuata mpaka tukamkuta mkwe wangu asiyetoa mahari, kivulini mwa tairi, anasonga ugali. Bwana Ustawi hakumsemesha. Aliwasalimia madereva wengine, akamsogeza mtoto mbele, akasema, "Mwenzenu ana mgeni." Kwa msioijua foleni, dereva hawezi kukaa macho siku zote. Akilala, wenzake humlindia dizeli. Akienda kuoga, humsogezea gari. Asiyelindwa huamka tangi limekauka. Mzee mmoja wa lori la mafuta, kanzu yake imeanikwa kwenye kioo, alimtazama mtoto, akamtazama baba, akasema polepole, "Leo utalilinda gari lako mwenyewe. Na kesho. Mpaka mtoto huyu atunzwe." Baba akaapa mtoto si wake. "Na hilo sikio," mzee akamuuliza, "amelikodi?" Wote wakacheka, isipokuwa mmoja. Jua halijazama alikuwa ameshakubali, na tangu hapo kila safari alipita kwangu kabla ya kuvuka, na unga, na daftari, na viatu.

Halafu serikali ikatuma wakaguzi waone kama akina baba wanatunza watoto. Jambo jema kabisa. Ila hawakuangalia baba, hawakuangalia watoto, waliangalia ofisi. Wakakuta mlango una kufuli na benchi halina mtu, wakasema huyu bwana hana wateja na kituoni hapatikani. Kumbe kwingine walikokagua walikuta benchi limejaa akina mama wanasinzia, wakapasifu kwa kuhudumia wengi. Mkaguzi mmoja, binti mzuri mwenye viatu vya kuzama kwenye tope, alikuja hadi kwangu kuniuliza nilisubiri kwa utaratibu gani. Nikamwambia sikusubiri. Akasema basi sikuhudumiwa kwa utaratibu. Nikamwita mjukuu atoke jikoni, mdomo umejaa maharage, nikamwambia, "Utaratibu wangu huu hapa." Akasema hilo hawaliulizi.

Bwana Ustawi akaonywa, akaamriwa kukaa kitini. Akakaa. Benchi likajaa, wakubwa wakafurahi, na foleni ikabaki bila wa kuikagua. Wanaume wote wakarudi Lusaka, wa kwangu akiwa wa kwanza. Mjukuu akaanza kwenda shule amekanyaga visigino vya viatu, vidole vinachungulia mbele kama panya.

Juzi tulikwenda kumuaga marehemu kabla hajapelekwa kwao Mbebe kuzikwa. Mkubwa mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa msikivu, alipokosolewa alijirekebisha, wala hakukosekana tena kitini. Sisi wanawake tulitazama chini ili tusiseme. Nyuma ya turubai walisimama madereva, wametembea kwa miguu maana foleni ilikuwa haisogei. Nikamwona wa kwangu, amejibanza mgongoni kwa mzee wa lori la mafuta. Nikamshika mjukuu mkono, tukapita katikati ya viti vya wakubwa mpaka kule nyuma, nikasema kama alivyosema marehemu: "Mwenzenu ana mgeni."

Mzee alijisogeza pembeni tu, mtu wangu akabaki wazi. Baba akatazama viatu vya mwanawe muda mrefu. Kisha akachuchumaa palepale msibani, akaupima mguu wa mtoto kwa shubiri yake.

Basi wakubwa, mkija tena kukagua, benchi liacheni. Ingieni jikoni mfunue sufuria, muangalie na miguu ya watoto. Kofia ya marehemu nimeiomba kwa mjane wake, na amenipa. Mimi ofisi sina. Mkinitaka, nipo foleni.