Jiwe Safi Mno

"Umeniua, baba, ukanizika, na pilau la msiba wangu ukala sahani mbili," Tekla alisema, akiibwaga pete juu ya meza ya fundi. "Halafu shikamoo."

"Marahaba," alijibu Eliaichi, fundi saa wa Temeke.

Kabla ya saa, Eliaichi alizunguka Mahenge miaka kumi na minane akinunua mawe. Alichorudi nacho ni lenzi ndogo ya kuning'iniza shingoni na mdomo wa mtu wa machimboni. Mtaa mzima unamletea pete. Juzi kaletewa na Tekla, binti wa jirani, ya uchumba, jiwe jekundu la rubi, katoa Gregori, karani wa Kurasini. Eliaichi akalitazama, akasema, "Safi mno."

Tekla hakungoja la pili. Kwenye kicheni pati akatangaza: rubi yangu imepimwa, ni safi. Vigelegele. Ndipo shangazi mmoja aliyeolewa Mahenge akacheka mpaka kitenge kikamvuka. "Safi mno? Mwanangu, kwa watu wa mawe hilo ni tusi."

"Sasa si ulisema safi?" Tekla alimbana fundi.

"Nilisema safi mno. Ningemalizia, ila ulishapanda bodaboda." Eliaichi akaisogeza pete kwenye mwanga. "Jiwe la ardhini lina uchafu wake ndani, vinyuzi, nyufa, kama mtu aliyelala shambani. Hili halina hata kovu. Lina viputo vya mviringo tu, na mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri. Si chupa, usiniseme vibaya. Ni rubi, ila imepikwa maabara kwa saa chache, kama maharage."

"Gregori kaniambia limetoka Mahenge."

"Labda lilipitia."

"Baba, usinitanie. Ndoa Jumamosi. Alijua, au na yeye kapigwa? Hilo tu. Jiwe la kupikwa nitavaa. Mwongo sivai."

"Lenzi yangu inaona mawe. Gregori haenei humu. Muulize."

"Nikimuuliza atajua nilimpima."

Eliaichi akajikuna kidevu kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo Tekla alipoiona pete yenye jiwe la bluu aliyopewa na mkewe, Herieth, walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa.

"Hiyo ya mama umeshaitia lenzi?"

Huyu ni mtu aliyewahi kuomba kutazama pete ya padri katikati ya maziko. Lenzi ipo shingoni, pete ipo kidoleni, shubiri mbili tu, na kwa miaka sita tangu apewe havijawahi kukutana.

Akakitazama kidole chake kama cha kuazima. Akamrudishia Tekla pete yake kiganjani, akafunga droo.

"Baba, nakuuliza."

"Chai yangu inapoa kwa mama Brightson," alisema Eliaichi, akavuka barabara kuelekea kibanda cha chai, mkono wa kushoto kautia mfukoni.