Mwenyeji wa Mombasa Kutoka Tetu

Haya, kwa sababu mmeshaisikia kwa watu wengine, na wengine wameongeza chumvi mpaka ati nilishikwa na polisi, afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, ila mkicheka chekeni polepole, mke wangu yuko hapo jikoni na bado hajaamua kama hii ni hadithi ya kuchekesha.

Ilianza na mkono. Mkono wangu huu wa kulia, niliouinua kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tetu (mimi ndiye huwapandishia ng'ombe mbegu kwa mrija, bila dume, kwa hiyo wananiita Daktari, ingawa daktari sijawahi kuwa). Mwenyekiti wetu, Mzee Gichuki, alisema tutaenda kutembea Mombasa siku moja, tulale njiani kwa basi, tushinde huko, alasiri tuanze kurudi. Akauliza, "Nani hapa anajua Mombasa vizuri, tusihangaike kutafuta mtu wa kutuonyesha?"

Nikainua.

Sasa ukweli, ambao hata mke nilikuwa sijamwambia, ni kwamba ile miezi minane watu walisema "yuko Mombasa" mimi nilikuwa Mtito Andei, nauza dawa za mifugo dukani, na Mtito ni katikati ya njia, bahari hakuna, kuna malori na mbuzi. Lakini nilikuwa nimepanda basi lililoandikwa Mombasa, watu wa nyumbani wakasema nimeenda Mombasa, nami sikuwasahihisha, na miaka ikapita hivyo. Halafu siku ya mkutano mama mkwe wangu, ambaye namwita Maitu kama vile mke wangu anavyomwita, alikuwa ameketi mbele kabisa, na nilipoinua mkono akamgeukia jirani yake akasema, "Huyo ni mkwe wangu," kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikinihusu. Ungekuwa wewe ungeushusha?

Maitu alikuwa na haja moja tu, kukanyaga maji ya bahari. Amezaliwa, ameolewa na amefiwa na mume hapa hapa chini ya mlima, ana miaka sabini na kitu, na alibeba chupa mbili tupu azijaze maji ya chumvi, moja yake na moja ya jirani.

Tulipofika Kenol, hata Nairobi hatujaiona, tayari nilikuwa nimeanza kujuta. Nikajifunika kofia nikawa natazama video za Mombasa kwa simu, moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi ambaye mtihani ni kesho, na asubuhi tulipoingia mjini simu ilikuwa imekwisha chaji na video zote zilikuwa zimechanganyika kichwani. Tulikuwa watu kumi na tisa. Dereva akatushusha karibu na Fort Jesus, akasema saa tisa kamili anaondoka, asiyekuwepo ajue atakavyofika Nyeri.

Fort Jesus sikuikosea (ile ngome hata kipofu ataigonga), lakini mlangoni kulikuwa na foleni ndefu ya wanafunzi, na Mzee Gichuki, ambaye alikuwa amekataa kabisa kuvua koti lake la Nyeri, alikuwa ameanza kulowa jasho mpaka kwa kola. Basi nikasema kwa ile sauti ya mwenyeji, "Tuanze na Mji wa Kale, dakika kumi tumetokea baharini, tukirudi foleni imeisha."

Hizo dakika kumi mpaka leo hazijaisha.

Kile kitu sikujua ni kwamba zile njia za Mji wa Kale ni nyembamba, nyumba ni ndefu, na kila kona inafanana na ile umetoka. Mimi nyumbani nikipotea natazama mlima uko upande gani. Mombasa hakuna mlima. Nikapinda kushoto, nikapinda kulia, nikapinda tena kushoto, na watu nyuma yangu wanauliza maswali na mimi najibu tu, kwa sababu mwenyeji hawezi kunyamaza. Mzee Gichuki akasimama mbele ya mlango mmoja wa mbao uliochongwa maua, akauliza, "Na hii mlango, Daktari, ilikuwa ya nani?" Nikasema ilikuwa ya jenerali wa Wareno, hapa ndipo alikuwa analala. Kabla sijamaliza mlango ukafunguka, na jenerali mwenyewe akatokea, amevaa kikoi, ana mswaki mdomoni, akatuangalia sisi kumi na tisa, akaufunga tena.

Kulikuwa na fundi wa viatu kwenye kona moja. Tulipompita mara ya kwanza alisema karibuni, mara ya pili akasema karibuni tena, mara ya tatu aliniangalia tu. Maitu akanikaribia, anapepea uso na kitambaa, akasema polepole, "Baba Wambui, bahari iko mbali?" Nikasema iko hapo tu. Na nilikuwa sijui "hapo" ni wapi.

Ndipo nikaona mlango mkubwa uko wazi, viatu vingi nje, watu wanaingia, na harufu ya pilau inatoka. Bwana mmoja mnene aliyesimama mlangoni akatuona, akaweka mkono kifuani, akasema, "Karibuni, karibuni, piteni ndani. Kina mama juu, wanaume huku." Sasa mtu anapokukaribisha hivyo na umechoka, na una watu kumi na wanane nyuma yako, unafanya nini? Nikageuka nikawaambia, "Hii ni makumbusho ya maisha ya zamani ya watu wa pwani. Vueni viatu. Wale wako ndani ni watu wa kuonyesha, msiwasumbue na maswali, fanyeni tu vile wanafanya." (Mkiniuliza kama niliamini, nitawaambia niliamini nusu. Ile nusu nyingine ilitaka kukaa chini.)

Wanawake wetu wakapanda ngazi. Sisi wanaume tukaketi kwenye mikeka katikati ya watu waliovaa kanzu, wanasoma kwa sauti ya chini kutoka kwa vijitabu. Mzee Gichuki akamtazama jirani yake kwa karibu sana, akaishika kofia yake iliyofumwa akaikagua, akaniambia kwa kunong'ona, "Wanafanya vizuri. Unaweza kudhani ni kweli." Wakainua mikono, tukainua. Wakasema amina, na Gichuki, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema amina yake ikasikika mpaka barabarani. Sinia zikaletwa, tukala pilau, na watu wa Tetu wakianza kula hawaulizi maswali.

Kama tungenyamaza tukatoka, pengine nisingekuwa nikiwaambia haya. Lakini Mzee Gichuki hawezi kula mahali na asitoe shukrani. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Sisi ni wafugaji kutoka Tetu, kule Nyeri," akasema. "Niko na furaha kubwa. Hii maonyesho yenu ni ya maana sana, na chakula pia. Mungu aibariki hii makumbusho."

Yule bwana mnene, ambaye baadaye nilijua anaitwa Twahir, akaja mbele polepole.

"Maonyesho gani, mzee wangu?"

"Haya," Gichuki akasema, akionyesha watu wote kwa mkono.

"Mzee, hapa ni matangani. Twamsomea marehemu babangu. Aliendesha lori huko bara miaka mingi, sisi tulidhani nyinyi ni wenzake, mmekuja kutupa pole."

Gichuki akanigeukia. "Daktari, marehemu gani?"

Twahir akauliza, "Mwenyeji wenu ni nani?" na vidole vyote vya wanaume wa Tetu vikanielekea mimi, hata cha binamu yangu.

"Wewe wakaa mtaa gani hapa Mombasa?"

Nilitafuta jina la mtaa kichwani. Kulikuwa na zile video tu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mtito."

"Mtito Andei?"

"Ndiyo."

"Hiyo si Mombasa, ndugu yangu. Hiyo hata harufu ya Mombasa haina."

Mzee mmoja kwenye pembe akajifunika uso na mkono wa kanzu, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na Twahir akajaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema marehemu angekuwepo ndiye angecheka kuliko wote. Walicheka wote isipokuwa Gichuki, na mimi, ambaye nilikuwa natafuta viatu vyangu kwa macho.

Nikaenda chini ya ngazi nikaita, "Maitu, teremkeni twende, tumekosea nyumba!"

Maitu akajibu kutoka juu, "Wewe ndiye umekosea. Mimi niko na mama amefiwa."

Kumbe alijua tangu dakika ya kwanza (aliniambia baadaye, "Makumbusho gani watu wanalia?"). Alikuwa ameketi kando ya mjane, Bi Zuhura, amemshika mkono, na hakuteremka kwa saa nzima, sisi tumekaa chini tumeinamisha vichwa na mimi nahesabu dakika za basi. Alipoteremka macho yalikuwa mekundu, na hakunitazama.

Ilikuwa imebaki nusu saa. Twahir mwenyewe akatutoa, akapinda kona moja, moja tu nawaambia, na hapo palikuwa na ngazi za mawe zinashuka mpaka majini. Tulikuwa tumeizunguka bahari asubuhi yote kama ng'ombe anayezunguka mti aliofungiwa. Maitu akavua viatu na sweta, akashuka mpaka maji yakamfika vifundoni, akachota kidogo kwa kiganja akaonja, akajaza chupa zake. Halafu akaniita, na habari ya Mtito alikuwa ameshaipata kwa binamu yangu.

"Baba Wambui, ulikuwa unaniogopa?"

Nikasema nilitaka tu ajivunie mkwe.

"Hata ungesema Mtito, mimi ningejua tofauti?" akasema, na akanipa mkono nimsaidie kupanda.

Fort Jesus hatukuiona ndani. Njia nzima ya kurudi Mzee Gichuki hakunisemesha, na tangu siku hiyo hapa Tetu mimi si Daktari tena. Mtu ng'ombe wake akitaka dume anapiga kelele ng'ambo ya bonde, "Niitieni Makumbusho!" Nami nimeapa, mtu akiniuliza njia, hata ya kwenda Kiganjo ambako nimepita maisha yangu yote, nasema sijui, uliza mwingine.

Ila kila Jumapili baada ya kanisa Maitu anampigia Bi Zuhura simu, anaweka sauti kubwa kwa sababu masikio ni mazito, mmoja anaongea Kiswahili cha Tetu na mwingine cha pwani, na sijui wanaelewana vipi, lakini wanaongea mpaka chai inapoa. Nikipita dirishani nasikia, "Na yule mkweo je, hajambo?" halafu Maitu anajibu kitu kwa sauti ya chini, halafu kicheko, huku na kule, kirefu sana. Nimeuliza mara tatu anajibu nini. Anasema ni mambo ya wajane.