Nilivyozifuta Injini za Kaka Yangu

Kaka yangu aliendesha treni karibu maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alirudi Kibugu kwenye shamba lake la chai akiwa na sikio moja. La kulia lilikuwa limekufa kwa kelele za injini, na la kushoto lilikuwa njiani. Binti yake aliyeolewa Ujerumani akamtumia treni ndogo za umeme, zile wanazochezea watu wazima, kila injini yenye urefu wa gunzi la mahindi.

Kanisani walimcheka. "Mzee amerudia utoto." Yeye akaondoa kitanda katika chumba cha wageni, akaweka meza, reli ikazunguka.

Ndani ya kila injini mna dikoda, kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo inayoshika amri: injini iitikie namba gani, iondoke taratibu au kwa haraka, honi yake ilie vipi. Kaka alizipanga injini tano zifanane na zile alizowahi kuendesha. Moja ilisita kabla ya kuondoka, kama ng'ombe anayeingizwa kwenye dipu la kuogeshea mifugo. Nyingine, aliyoiita ya mteremko, ilichelewa kushika breki. Honi alizitafuta kwa sikio, shavu limegusa meza: anaongeza namba moja, anasikiliza, anapunguza. Kazi hiyo ilimchukua miezi, na hakuandika popote.

"Nikiandika nitasoma," aliniambia. "Mimi nataka kuzisikia tena kabla sikio hili nalo halijaziba."

Mimi nilikuwa fundi wa redio Kianjokoma, hivyo mambo ya waya aliniitia mimi. Sharti lake lilikuwa moja: kupanga dikoda ni kwenye kipande cha reli cha pembeni, injini moja moja. Amri ya kupanga haichagui. Kila injini iliyo kwenye reli hiyo huipokea.

Injini ya sita ilipofika, kaka aliniomba niipe namba, kisha akaenda kituo cha chai kupimisha majani. Waya wa kile kipande cha pembeni ulikuwa umekatika. Kuulehemu kungenichukua dakika kumi. Nikaona uvivu, nikahamishia waya za kupangia kwenye reli kubwa na kuiweka injini mpya hapo. Zile tano zilikuwa zimesimama kwenye reli hiyohiyo, nyuma ya kilima ambacho kaka alikifinyanga kwa magazeti. Nilijua zipo. Nilikuwa na haraka tu, na fundi mwenye haraka hujiona mjuzi.

Injini mpya ilikataa namba. Nikaiamuru irudi ilivyotoka kiwandani, kisha nikabonyeza tatu, namba ambayo zote huzaliwa nayo. Injini sita ziliondoka kwa pamoja, mwendo mmoja, honi moja.

Kaka aliporudi, nilikuwa na jibu. "Stima ilipotea, ikarudi na nguvu. Imefuta zote."

Kwetu umeme ndio stima, na ukiitaja hakuna anayebisha. Imeshaua friji na vifaranga vya watu wengi. Nikaibebesha na hili.

Lakini kaka alitaka mtu wa kulaumu. "Ni mashine ya huyu," akasema, akimwonyesha kwa kidevu jirani yetu, aliyesaga mahindi kwa umeme wa transfoma ileile. Akamwita uani kwa sauti ya kiziwi. Jirani akaja na unga kwenye nyusi.

"Fundi," akaniambia, "mweleze mzee. Mashine yangu inaweza kufanya hivyo?"

Wote wawili wakanitazama.

"Inawezekana," nikasema.

"Umesikia?" kaka akafoka. "Umemsikia fundi?"

"Nimesikia, mzee. Hata wateja wangu barabarani wamesikia."

Tangu siku hiyo mahindi ya kaka yalisagwa mbali, na mke wake ndiye aliyeyabeba mgongoni. Jirani, aliyekuwa akija kila Jumapili kunywa chai na kutazama treni, hakukanyaga tena.

Kaka alijaribu kuzipanga upya. Aliinamisha kichwa mezani, akabonyeza, akaniuliza, "Hii ndiyo honi ya ile ya mteremko?" Aliniuliza mimi, ambaye sikuwahi kuisikia ile ya kweli. "Ndiyo," nilijibu. Nilijibu hivyo mara nyingi. Kabla mwaka haujaisha sikio la kushoto likaziba, na injini zikazunguka huku akizitazama tu.

Alifariki bila kujua. Nilikuwa na miaka minne ya kumwandikia kwenye karatasi, na karatasi zilikuwepo.

Baada ya mazishi nilienda kwa jirani, nikangoja azime mashine, nikamweleza yote. Alipangusa mikono polepole.

"Nilijua, fundi. Asubuhi ile nilisaga bila kusimama. Stima haikupotea hata kidogo."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akaniuliza kama ninajua mambo ya stima kumshinda ndugu yake."

Nikamwomba msamaha.

"Nilidhani utasema sikio likishaziba," akasema. "Kisha nikadhani utasema akiugua. Sasa unaniambia mimi, na mimi nilikuwa najua."

Mwanamke mmoja akaingia na debe la mahindi. Jirani akampokea, akawasha mashine, na hatukuweza kuzungumza tena.